Neno Nililosema Juu ya Pembe

Wenye shamba nilikofanya kazi ya jikoni, upande wa Hasamba, hawakuwa watu wabaya. Naanza na hilo kwa sababu nikishaendelea mbele msomaji anaweza kudhani nawasema. Mama mwenye shamba alinilipa bila kuchelewa, na nilipougua malaria alinipeleka hospitali Vwawa mwenyewe kwa gari lake, akakaa kwenye benchi kunisubiri mpaka nikatoka. Walikuwa Wajerumani, yeye na mume wake. Walilinunua shamba la kahawa miaka ile serikali ilipoachia watu binafsi waingie kwenye biashara, na walilikuta nyasi zimeota mpaka barazani.

Mimi ni mtu wa Ibaba, kule Ileje. Niliishia darasa la saba. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kike, ambaye baba yake alipanda lori la mizigo kwenda Zambia na mpaka leo sijasikia amefika wapi. Mtoto nilimwacha Tunduma kwa dada yangu, kwa kuwa shambani shule ilikuwa mbali, na dada alikuwa amepanga chumba jirani na shule. Dada aliuza nguo za mitumba njia ya kwendea mpakani. Kila mwisho wa mwezi nilipanda gari kwenda kumwona mtoto, nalala siku moja, narudi kazini.

Mwaka ninaoueleza, mtoto alikuwa ameanza kunikaribisha kama mgeni. Nikifika ananiamkia vizuri, ananiwekea kigoda, ananiletea maji ya kunawa, kisha anakwenda kukaa ubavuni kwa mama yake mkubwa. Hakuwa na kosa, alilelewa vizuri. Lakini nilipoona hivyo nilishindwa kula.

Dada aliona. Alikuwa anakunja suruali za kuuza, akasema bila kunitazama, "Jirani yangu wa meza anahamia Mbeya. Meza inabaki. Njoo uishike kabla hajaja mwingine. Huyu mtoto anakua, mdogo wangu, siku moja atakuita mama mdogo."

"Nitakuja," nikasema. "Mwezi wa sita ukiisha."

"Mwezi wa sita kuna nini?"

"Wana wageni wa sikukuu yao. Siwezi kuwaachia masufuria."

"Haya, wapikie miungu yao," dada akasema. "Ila ukichelewa, meza haitakungoja."

Dini yao nitaisema nilivyoielewa, na nikikosea basi kosa ni la masikio yangu. Walisema kwamba kabla wamisionari hawajafika kwao Ulaya, mababu zao walikuwa na miungu yao, wa radi, wa mazao, wa elimu, na mama wa nyumba na ndoa. Mababu wakaiacha, na sasa wao wameirudia. Hawakuwa na kanisa. Walikuwa wanakutana tu, na wenzao walikuja kutoka Zambia, Malawi na Iringa, watu wa kutosha kuzunguka meza moja ndefu. Kanisani kwetu, mama mmoja wa kwaya aliposikia habari hizo aliuliza kwa sauti, "Kumbe Wajerumani walituletea dini, halafu nyumbani wenzao wameichoka?" Mchungaji akamwambia afungue kitabu, tunaanza kuimba.

Sikukuu yao kubwa iliangukia Juni, siku ambayo kwao jua linakaa angani muda mrefu kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Sasa Juni kwetu ni kipupwe. Mbozi mwezi huo mtu akiongea asubuhi anatoa moshi mdomoni, wachuma kahawa wanakuja na makoti ya mitumba yanayowafika magotini, na jua linawahi kuzama. Wao waliifanya hivyo hivyo, kwa sababu ndiyo siku ya mababu zao. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa Zambia miaka mingi, anajua Kibemba vizuri na Kiswahili alichookota kwa madereva wa malori, yeye kila mwaka alikuwa analalamika. "Tunasherehekea jua kubwa," alisema, "na mimi nimevaa soksi mbili."

Desturi nyingine nazo ziligoma. Kwao hufunga gurudumu la majani makavu, huliwasha na kuliviringisha mlimani mpaka chini. Bwana mwenye shamba alikataa kabisa. "Nyasi za huku saa hizi ni petroli," alisema. "Mkiliachia hilo, kahawa yangu itakaangwa ikiwa bado mtini." Wakalichomeka gurudumu juu ya shimo wakalichoma papo hapo, na mtu mmoja akawa analizungusha polepole kwa mti, kama anayegeuza nyama.

Mahali pa ibada palikuwa nyuma ya stoo ya kahawa. Walisimamisha nguzo nne wakazizungushia kamba. Ukiingia ndani ya kamba huruhusiwi kuwa na kisu wala ugomvi, na hutoki mpaka pembe imalize kuzunguka. Pembe yenyewe ilikuwa ya ng'ombe, ndefu, waliinunua kwa Msukuma mmoja mfugaji wa kule bondeni Momba, na ndani waliijaza wanzuki, pombe yetu ya asali, kwa sababu kwao pia ya asali ndiyo ya ibada. Kila anayepewa pembe anasema neno, anakunywa, anampa mwenzake. Miaka iliyotangulia nilikuwa naviona hivyo kutoka mlango wa jikoni.

Mwaka ule niliingia ndani ya kamba na sinia la nyama ya nguruwe. Nilipolitua, mama akasema, "Dada, kaa. Leo ule na sisi ulichopika." Akanionyesha nafasi kwenye benchi, na mtu nyuma yangu akaifunga kamba. Nilikuwa nimeacha maharage motoni. Nikakaa.

Nieleze jambo moja, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Toka naanza kazi ya kupika kwenye nyumba za watu, hakuna aliyewahi kuniambia nikae wakati chakula changu kinaliwa.

Pembe ikazunguka. Mara ya kwanza walitaja miungu, mara ya pili waliwataja wazee wao waliokufa, na hapo baadhi walilia, nami nikamkumbuka mama yangu. Mara ya tatu kila mtu alisema lake mwenyewe. Alikuwepo dada mmoja muuguzi kutoka Iringa, mjamzito. Alishika pembe bila kunywa, akasema mimba mbili za kwanza watoto hawakuishi, na huyu akizaliwa salama atamlea kwa desturi hizi mpaka aweze kujisimamia. Mama mwenye shamba alinitafsiria taratibu sikioni. Kisha pembe ikaja kwangu.

Nikasimama. Kwetu ukipewa nafasi ya kutoa neno hukai kimya kama gogo, na hutoi neno jembamba. Nikawashukuru. Nikasema, "Hapa ni nyumbani kwangu. Ninyi ni watu wangu. Mimi hapa siondoki, labda mnizike." Nikagusa wanzuki kwa midomo, nikaimimina kidogo chini kama nilivyowaona wengine wakifanya.

Mama alitafsiri. Alitafsiri sawasawa, sikuonewa hata neno moja. Yule mzee wa Zambia, ambaye kazi yake katika ibada ilikuwa kupima maneno ya watu, akanyanyuka, akaninyooshea pete kubwa ya chuma, ya kuvaa mkononi kama bangili. Nilidhani ndiyo namna yao ya kupeana mkono, nikaishika upande wangu naye akaishika wake. Wakapiga meza kwa viganja. Mama alikuwa anafuta machozi.

Wageni walipoondoka nilimfuata mama barazani kumwambia kwamba naacha kazi. Nilikuwa nimejipanga jinsi ya kuanza. Lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Dada, tangu siku ile nalala vizuri," akasema. "Sikujua kama unatupenda hivyo."

"Mama, yale yalikuwa maneno ya shukrani."

"Najua. Na mazuri sana."

"Nina maana, kwetu mtu akipewa nafasi ndivyo anavyosema."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kuelewa kweli. "Anasema asichokusudia?"

Hapo ndipo niliponasa. Nilimkumbuka mwalimu mkuu wetu wa Ibaba, aliyesema siku ya kumuaga kwamba moyo wake ataufukia pale pale chini ya bendera, na kila mwaka atakuja kuutembelea. Wazazi walipiga vigelegele. Jumamosi alipakia magunia yake ya mahindi, akaenda, na hakuna aliyemtegemea arudi, wala hakuna aliyemwita mwongo. Sasa hilo namwelezaje mama huyu? Nikisema ndiyo, tunasema tusichokusudia, nitakuwa nimewaita watu wote wa kwetu waongo mbele ya mgeni. Nikisema hapana, basi nimeapa.

Nikanyamaza. Akachukua ukimya wangu kuwa aibu.

"Kwetu neno la juu ya pembe, likishashikiwa pete, ni kiapo, na ni la kila aliyelisikia," akaeleza. "Yote yanaingia kisima kimoja. Moja likioza, maji yote yanaharibika. Neno lako na langu, na la yule muuguzi, kisima ni kimoja." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaongeza, "Lakini mimi sikuzuii, dada. Geti halina kufuli. Ni neno lako."

Ningemshukuru zaidi kama angefunga geti.

Sikuamini miungu yao, wala siamini sasa. Lakini nilimwona yule muuguzi alivyoishika pembe kwa mikono miwili. Nikajiuliza, nikiondoka halafu mtoto wake akafa, nitasemaje? Nitasema Mungu wangu ndiye wa kweli, kwa hiyo mimi sihusiki? Labda ningesema. Labda mtu mwenye akili nyingi kuliko mimi angefunga mizigo siku ile ile na kulala usingizi. Mimi niliosha vyombo.

Mwisho wa mwezi nikaenda Tunduma. Dada alikuwa mezani, anabishana na mteja Mzambia kuhusu koti. "Mulishani mayo," mteja aliniamkia kwa Kibemba, hujambo mama, akidhani na mimi ni muuzaji. Meza ya jirani ilikuwa wazi, imefunikwa turubai. Nikamweleza dada yote.

"Umeapa," akasema. "Kwa pembe la ng'ombe."

"Sikuapa. Nilitoa neno."

"Kwa pembe la ng'ombe la Msukuma."

"Dada."

"Nauliza tu. Wewe si wa kanisa wewe? Si ndiyo unayetukumbusha tusali kabla ya kula?" Akamgeukia yule mteja. "Mayo, umemwona mdogo wangu? Ameolewa na Wajerumani, mke na mume wote wawili." Mzambia akacheka, akalipia koti.

Mtoto wangu alikuwa anapanga viatu chini ya meza. Aliuliza, "Mama, unahamia lini?"

"Bado kidogo."

Akaendelea kupanga viatu, vya kulia kwa vya kushoto. Hakuuliza tena, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilikwenda pia kwa mchungaji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kiapo mbele ya miungu isiyokuwepo hakipo, kwa hiyo niko huru, niende kwa mtoto wangu kesho. Lakini kwa kuwa nilikaa ndani ya kamba yao na kugusa pombe yao, alinisimamisha kushiriki Meza ya Bwana. Nilitaka kumwuliza, kama halikutokea kitu, nasimamishwa kwa nini? Sikuuliza. Alikuwa mtu mwema mwenye kazi nyingi, na nje kulikuwa na watu wanangoja. Nilitoka pale nikiwa nimefungiwa pande zote mbili, na kila upande ulikuwa umenieleza kwa upole.

Yule muuguzi alijifungua salama, mtoto wa kiume. Mama alinipa habari huku akinishika mabega. Nikamshukuru Mungu kwa moyo wote. Kisha nikajiambia, sasa naweza kwenda. Kisha nikajiambia, ngoja kwanza atoe meno. Kisha ngoja atembee. Hakuna aliyenituma kungoja, nilijituma mwenyewe. Katikati ya kungoja huko dada akanipigia simu, nikiwa nimepanda kilimani kutafuta mtandao. Meza imechukuliwa na mama mmoja wa Kikinga. "Ni mchapakazi," dada akasema. "Huyo hata akishikishwa pembe, hajiuzi kwa bei ya kutupa."

Juni ya pili niliamua kuomba kufunguliwa. Nilikuwa nimeuliza kwa mama, naye hakunificha. Neno linaweza kufunguliwa, ila kwa pembe ile ile, ndani ya kamba, mbele ya walewale waliolisikia. Akaniingiza nywele vizuri ndani ya kitambaa changu kama mtu anayemuandaa binti yake. "Omba," alisema. "Ni haki yako. Mimi nitasema langu na wewe utasema lako."

Nikaingia ndani ya kamba mikono mitupu. Pembe ilipofika kwangu nikasema, "Mwaka jana nilisema siondoki. Nina mtoto Tunduma. Naomba mnifungue nikakae naye, kabla hajawa mkubwa."

Mama akatafsiri hilo nalo sawasawa.

Mzee wa Zambia alijikuna kidevu. "Hiyo siyo sababu mbaya," akasema kwa Kiswahili chake cha madereva. "Hebu ngojeni. Mimi nimesema miaka yote, hamnisikilizi. Huyu mama aliapa siku ya jua kubwa, ndiyo?"

"Ndiyo," wakasema.

"Jua kubwa liko wapi? Tazameni." Akaonyesha upande wa magharibi, jua likiwa tayari limekaa juu ya mikaratusi, na ilikuwa bado jioni ya mapema. "Huku leo ndiyo siku fupi. Mwaka jana hali kadhalika. Tulifanya sikukuu isiyokuwepo. Kiapo cha sikukuu isiyokuwepo ni kiapo gani? Huyu aende nyumbani."

Nikajisikia mwepesi ghafla. Nilianza hata kuhesabu vitu vyangu kichwani, godoro, sufuria zangu, sanduku. Bwana mwenye shamba alikuwa anaitikia kwa kichwa, nadhani kwa sababu alikuwa na baridi.

Kisha mama akaanza kuzungumza lugha yao, taratibu, uso umemwiva. Alipomaliza akanigeukia mimi, maana hakutaka lolote lisemwe nisilolielewa.

"Dada, lazima niwe mkweli. Kwetu siku fupi nayo ina sikukuu yake. Ni ya baridi. Siku hiyo watu walikuwa wanaweka mkono juu ya nguruwe wa sadaka na kuapa, na viapo vya siku hiyo ndivyo vizito kuliko vya mwaka mzima. Kama mzee anasema kweli kwamba huku leo ni siku fupi..."

"Na mwaka jana tulikula nguruwe," muuguzi akasema polepole, mtoto wake mapajani.

Wote wakanitazama, mimi niliyembeba huyo nguruwe kwenye sinia.

Mzee akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mwenyewe. "Basi nimemfunga zaidi," akasema, akanigeukia mimi. "Samahani, mama."

Kicheko kilipomwisha alijaribu njia nyingine. Alikuja akasimama mbele yangu na ile pete ya chuma. "Nakuuliza swali moja, na jibu lako nitalikubali. Siku ile, wakati unasema, moyoni ulikuwa unamaanisha? Au ulikuwa unapamba maneno?"

Nilijua mlango ndio huo. Neno moja, nilikuwa napamba, na Jumamosi nipo Tunduma. Wala lisingekuwa uongo mtupu, maana nimekwisha eleza jinsi watu wa kwetu wanavyosema. Niliwaza mtoto wangu akipanga viatu. Nikafungua mdomo.

Lakini niliulizwa kuhusu siku ile, si kuhusu watu wa kwetu. Na siku ile nilikuwa nimeketishwa, mkononi nina sahani ya nyama niliyoipika mwenyewe, na watu wamesogea kunipa nafasi. Niliposema hapa ni nyumbani kwangu, kwa kitambo kile nilichokuwa nasema, palikuwa nyumbani.

"Nilimaanisha," nikasema. "Siku ile nilimaanisha. Kesho yake sikumaanisha tena."

Mzee alinitazama kwa huruma kabisa. "Ungesema lingine tu, mama," alisema chini chini. Kisha kwa sauti, "Basi sina pa kushika ili nikutoe."

Pembe ikaenda kwa mwingine.

Nisiwaonee. Mama aliguswa sana, na wiki ile ile akapendekeza mtoto aje akae shambani, wamlipie shule Mlowo. Mtoto alikuja likizo. Alilala kitandani kwangu, analalamika miguu yangu baridi, na siku za kwanza tulicheka sana. Lakini alizoea kelele za mpakani, malori, rafiki zake, mama yake mkubwa. Aliniambia, "Mama, mimi huku nasikia miti tu." Akaomba arudi. Ningeweza kumlazimisha, mimi ndiye mama yake. Niliona nikimzuia nitakuwa nimemfanyia kile kile kilichonipata, nikamsindikiza kituoni Mlowo.

Miaka ikaenda. Kila Juni niliingia ndani ya kamba, sasa nikiwa na nafasi yangu kwenye benchi, na sikuomba tena. Wengine walipungua. Mzee wa Zambia alifariki huko huko kwake, na kazi ya kupima maneno haikupata mtu. Mchungaji alinirudishia Meza ya Bwana, kisha akahamishwa. Mtoto wangu aliingia sekondari. Nilikuwa nampelekea viazi na ndizi, naye ananipokea vizuri.

Bei ya kahawa ilipoanguka, bwana na mama wakauza shamba kwa tajiri mmoja wa kutoka Itaka. Mama aliniambia jikoni, amesimama. Alisema bwana anaumwa, watoto wao wanawaita, hawawezi tena. Alieleza mengi, ya mbwa, ya funguo, ya mwenye shamba mpya kwamba amekubali kubaki na mimi. Nilikuwa nangoja afike kwenye jambo langu. Hakufika. Siku zote za kufunga mizigo hakufika.

Siku ya kuondoka, gari likiwa linawaka, nilishindwa kuvumilia.

"Mama, na lile neno langu?"

"Neno lipi, dada?"

Nikamtazama. Hakuwa anaigiza. Alitafuta, na alipolipata nikaona rangi inamtoka usoni.

"Oh," akasema. "Lile." Akamwangalia mumewe ndani ya gari, akarudi kwangu. "Mzee hayupo. Wengine wamerudi Ulaya. Sijui... sijui nani anaweza." Akanishika mikono yote miwili. "Mimi nakufungua. Kwa upande wangu nakufungua. Inatosha?"

Swali lile aliniuliza mimi, kama vile mimi ndiye mwenye kuijua dini yao. Nilimwona amezeeka na ana safari ndefu.

"Inatosha, mama," nikasema. "Safari njema."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Tunduma bila kupiga simu, kumwambia mtoto wangu kwamba sasa naweza kuja. Dada alikuwa peke yake mezani. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne, amepata kazi ya duka kwa Mzambia mmoja, kaondoka juzi kwenda Kitwe. "Alitaka kukuaga," dada akasema. "Ulikuwa hupatikani, huko kwako mtandao wa shida." Hakunitania. Alinikaribisha ndani, akanionyesha kitanda cha binti, shuka zimekunjwa vizuri.

"Lala hapa," akasema. "Kaa. Chumba kipo, hata ukitaka kukaa moja kwa moja."

Nililala pale. Asubuhi niliamka kabla yake, nikatandika, nikakaa ukingoni mwa kitanda na mkoba wangu mapajani. Malori yalikuwa yameanza kunguruma kuelekea mpakani. Dada alipoamka akanikuta hivyo.

"Unakwenda wapi? Si umefunguliwa?"

Nilijaribu kumjibu. Nikamwambia mwenye shamba mpya ameanza kuvuna na wachumaji hawajapata wa kuwapikia uji. Ilikuwa kweli, ila sikumwambia la pili, kwamba pale kwake nilikuwa mgeni na nyumbani kwangu palishakuwa kule shambani. Dada akachukua khanga yake, akanisindikiza kituoni.